Baba Mdogo Alikuwa Mkanada Miaka Minne

Baba mdogo wangu Fabien alikuwa Mkanada kwa miaka minne. Kanada kwenyewe hajafika. Theluji ameiona kwenye simu tu, na ile inayoganda ndani ya friji za wauza Fanta. Lakini kule Guangzhou, Uchina, kila siku ya kazi kuanzia saa mbili asubuhi, watoto thelathini na wawili walimwita Teacher Brian, na wazazi wao walilipa karo kwa furaha kwa sababu Teacher Brian alitoka Kanada.

Naandika habari zake kwa sababu ameniruhusu. Alisema, "Andika, lakini usiandike kama mi niko shujaa." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hiyo hatari haipo.

Sisi ni watu wa Bukavu, mtaa wa Kadutu. Babu yangu, Koko Jérôme Balagizi, alikuwa fundi wa kushona nguo za wanaume. Yeye na mke wake, Koko Gertrude, walibaki na watoto wawili: wa kwanza baba yangu Honoré, wa pili Fabien. Baba yangu alirithi mikono ya babu. Fabien alirithi mdomo wake mwenyewe. Padri akihubiri asubuhi, jioni Fabien anamhubiri upya jikoni, pamoja na kikohozi chake na namna anavyovuta soksi. Alimwiga mtangazaji wa redio, mama muuza dagaa wa sambaza, askari aliyelewa. Babu alikuwa akisema, "Huyu mutoto anabeba bantu kumi ndani ya tumbo." Watu walicheka. Hakuna aliyejiuliza siku moja hao kumi watamwachia nafasi gani yeye mwenyewe.

Alipopata nafasi ya chuo Guangzhou, babu aliuza kiwanja, akamshonea koti la kijivu. Ndani ya koti, juu ya mfuko wa kushoto, akashona jina kwa uzi mwekundu: BALAGIZI. Ilikuwa desturi yake kwa kila mteja, ili makoti yasichanganyikane siku ya kupigwa pasi. Mimi nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka koti kuliko uso.

Miaka miwili baadaye tulikimbia, tukafika hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi. Babu akaweka cherehani barazani akaanza upya, kushona viraka vya suruali za Warundi na sare za shule. Kila mteja, hata aliyekuja kubadilisha kifungo kimoja, alisikia sentensi ileile: "Mi niko na mutoto ku Chine. Anasoma kujenga manyumba ya marefu." Fabien alikuwa anapiga simu Krismasi na Pasaka. Sauti yake ilikuwa nzuri siku zote. Nilimwomba viatu vya kung'aa chini. Nilimwomba pia saa. Nilikuwa namwomba kwa sauti ya kuimba, kama mtu anayeagiza dukani.

Babu alikufa kwa kifua, mwezi wa nane, nikiwa na miaka kumi na mitatu.

Sasa, kwetu Wakongomani wa hapa kambini, siku moja kabla ya maziko, sanduku likiwa mbele ya watu, kila mtoto wa marehemu anashika mikro, kile kipaza sauti. Anataja jina lake, anasema yeye ni wa ngapi kuzaliwa, kisha anamuaga mzazi. Aliye mbali anapigiwa simu, na simu inawekwa kwenye mikro ili aage kama wengine. Watu wanangojea hapo kuliko mahubiri. Wanajua mtoto wa fulani alilia kutoka Australia, wa fulani aliimba kutoka Amerika. Mtoto aliye mbali asiposikika, majirani wanasema huyo marehemu alizaa redio bila betri.

Baba yangu alitangulia. "Mi niko Honoré, mutoto wa kwanza." Akaaga, akashindwa kumaliza. Kisha akanipa simu ya Koko Gertrude nipige, kwa sababu mimi ndiye niliyejua ile WeChat ya Wachina, na ndiye niliyekuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza. Nikapiga. Ikaita. Ikapokelewa! Baba akainama kwenye mikro akapaza sauti, "Fabien! Fabien, sema na papa, sanduku iko hapa mbele yetu!"

Upande wa pili wa simu nilisikia watoto wadogo wengi wakipiga kelele, na muziki. Nikasogeza simu kwenye mikro, na spika zikaanza kupiga filimbi, ile filimbi inayotoboa masikio, wanawake wakajiziba. Sikio langu lilikuwa karibu na simu. Nikasikia sauti ya baba mdogo, lakini si yake, sauti ya mtu anayetabasamu, ikisema kwa Kiingereza, pole pole, kila neno limenyooka: umekosea namba. Mimi siwajui watu hawa.

Simu ikakatika.

 Watu walisikia kwamba mwanaume amesema kitu cha Kizungu ndani ya filimbi, basi. Koko Gertrude, amekaa kwenye mkeka karibu na sanduku, akainua kichwa.

"Merveille, anasema nini?"

Mdomo wangu ulitoka mbio kabla yangu, ukasingizia mtandao. "Anasema réseau iko mubaya, Koko. Atapiga tena."

"Ah," akasema Koko. "Atapiga tena."

Tukazika. Siku ile, na wiki ile, na mwezi ule hakupiga. Nilijaribu peke yangu nyuma ya choo. Namba haikuwepo tena.

Nilidhani uongo wangu utaisha wenyewe, kama uongo wa kusema umekula wakati hujala. Haukuisha. Mwaka ulipotimia, ilibidi tufanye levée de deuil, siku ya kumaliza kilio, ambapo mjane anavua nguo nyeusi na watu wanakula. Koko alikataa. "Balagizi hajaagana na mutoto wake. Nivue nyeusi ginsi gani? Fabien atapiga. Merveille alisikia." Mwaka wa pili vilevile. Mchungaji akija kumshauri, ananiita mimi shahidi: "Muulize huyu. Si ulisikia?" Nami natikisa kichwa kwamba nilisikia. Na kweli nilisikia, hiyo ndiyo sehemu mbaya.

Simu yake hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata kwa tochi, ili moto wa betri usiishe. Kila baada ya siku mbili alivuka barabara kwa miguu yake iliyovimba kwenda kuichaji, kuiweka moto, kwenye solar ya majirani, kina Ndayisenga, akakaa palepale kwenye kigoda mpaka ijae, asije akaibiwa mlio. Miaka mitatu hivyo, na nguo nyeusi imekuwa ya kijivu kwa jua. Wenzangu wakimpita wanamwamkia, "Koko, Chine haijapiga?" Naye anajibu, "Réseau." Mimi nikiwa nao naangalia viatu vyangu.

Mwezi wa sita mwaka huu, Épitace alikuja nyumbani jioni. Épitace ni jirani yetu, Mrundi, anapanga nyanya sokoni Lumbadzi na siku nyingine anazitembeza Area 18 kule Lilongwe, geti kwa geti. Hakuwakuta wakubwa.

"Ewe mwana," akaniambia, "baba yako ana pacha?"

"Hapana. Ana mdogo wake, iko Chine."

"Chine ya Area 18, basi. Nimemuona anatoka kwa geti na koti ya gisi, ya kijivu. Nikaita jina yenye Koko anatajaka, 'Fabien!' Akageuka, sha, akageuka kabisa! Kisha akanijibu Kizungu, eti mi nimekosea mutu. Mutu anageuka kwa jina yenye si yake?"

Nilimwomba asimwambie yeyote. Akasema biashara yake ni nyanya. Jumamosi nikamwambia baba naenda kumsaidia Épitace kuuza, na ilikuwa nusu ya kweli, nilibeba beseni.

Tulipofika na Épitace kwenye geti lile la Area 18, alifungua dada wa kazi, msichana wa umri wangu. Nikamuuliza kwa Chichewa kama hapa anaishi Fabien. "Fabien kulibe," akasema. "Kuli a Brian, aphunzitsi." Hakuna Fabien, yuko mwalimu Brian. Akaniuliza jina langu na ninakotoka.

"Mercy," nikajibu. "Wa Lumbadzi."

Hili nalo lazima niliandike. Mkimbizi haruhusiwi kuishi mjini, na ukisema Dzaleka watu wanashika mikoba yao. Lakini mimi siishi mjini na hakuna aliyekuwa ananifukuza. Ni kwamba tangu tulipokwenda kwenye mashindano ya mdahalo Likuni, wasichana wa sare nzuri waliponiuliza, nilijikuta Mercy, na Mercy alikuwa mwepesi kubeba. Nimemtumia mara nyingi.

Akatoka mwanaume mwembamba, nywele zimeanza mvi mbele ya masikio. Koti la kijivu. Uso wa baba yangu uliokunjwa na kukunjuliwa. Akaniuliza kwa Kiingereza anisaidie nini, kwa ile sauti iliyonyooka.

"Tonton," nikasema, kama kwetu tunavyowaita baba wadogo.

Akajibu palepale, bila kupepesa, kwamba nimekosea nyumba. Mtume Petro angalau alikuwa na jogoo wa kumshtua. Baba mdogo alikuwa na mimi tu na beseni la nyanya.

"Koko anangojea upige tena," nikasema kwa Kiswahili.

"Anangojea nini?"

"Upige. Nilimwambia réseau ilikuwa mubaya. Siku ya kilio. Mi njo nilishika simu."

 Akakaa chini penye bomba la kumwagilia maua, koti na yote, ndani ya maji.

"Bantu bote balisikia," akasema. "Ku mikro. Mi najua, mi njo nilikuwa natengenezaka mabafle, maspika, ku kilio za Kadutu. Balisikia bote."

"Hapana. Mabafle yalipiga filimbi. Mi peke yangu nilisikia."

"Weye Merveille? Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Mungu wangu. Na baliniambia hapa iko Mercy fulani wa Lumbadzi."

"Na mi baliniambia iko Brian wa Kanada."

Tulicheka kidogo, vibaya, kama watu wawili waliokutana wakiiba kuku wa mtu mmoja. Épitace akasema ngoja azungushe nyanya mtaa wa nyuma.

Mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Hata pale, na maji yanamlowesha, niliuliza: kweli Guangzhou kuna treni chini ya ardhi? Kuna. Majengo yanafika mawinguni? Siku za mvua, ndiyo, huoni mwisho wake. Wewe uliishi lipi? Akatabasamu kwa upande mmoja.

Aliishi ghorofa ya tisa isiyo na lifti, kwenye uchochoro ambao nguo za kuanikwa zimeziba jua, chini kuna giza saa sita mchana. Walikuwa watu sita kwa vitanda vitatu: watatu wa kazi za mchana, watatu wa kufunga mizigo usiku kwenye maghala. Ukiamka, mwenzako anaingia palepale ulipotoka. "Mi sikulalaka ku kitanda ya baridi miaka inne," akasema. "Kila siku nilikuta joto ya mutu mwengine." Kodi waligawana, na bado ilikula nusu ya mshahara, maji, umeme na karatasi za polisi vilikula kilichobaki.

Chuo aliacha mwaka wa pili. Sisi tulikuwa tunakimbia, hakuna wa kumlipia, na hakutaka babu ajue kwamba kiwanja kimeliwa bure. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kazi. Alibeba makatoni kwa siri miaka minne, ndipo akampata dalali wa walimu, mtu aliyemwambia waziwazi: ukisema Kongo, utaendelea kubeba makatoni, ukisema Kanada, utafundisha Kiingereza shule ya chekechea, na mimi nachukua theluthi.

"Juu ya nini Kanada? Si ungesema Amerika?"

"Juu ya accent, ginsi ya kutamka! Ukisema uko wa Québec, bantu banakusamehe. Banasema, ah, Kifaransa hicho." Akanionyesha, akageuka Mkanada wa Québec mbele ya macho yangu, mabega, kidevu, yote. Nikacheka kweli. Kisha nikaona hajui namna ya kurudi haraka.

Kulikuwa na masharti. Asiongee Kifaransa cha kwetu wala Kiswahili karibu na shule. Rafiki Mwafrika asimngojee getini. Kila Desemba awasimulie watoto habari za theluji, inavyolia chini ya viatu. Aliisoma kwenye simu usiku wa kuamkia siku hiyo. Watoto walimsugua mkono kisha wakaangalia vidole vyao kama rangi imebaki. Mmoja, wa miaka minne, alilia siku ya kwanza alipomwona, na akalia siku alipoondoka. "Yule alinipenda," akasema. "Lakini alipenda Brian."

Halafu akaniambia ile siku, bila mimi kuuliza. Ilikuwa siku ya wazazi. Simu yake ilikuwa imeunganishwa na spika ya darasa kwa wimbo wa kuhesabu vidole. Ikaita, na mtoto mmoja akakimbia akabonyeza kijani. Sauti ya baba yangu ikajaa darasa zima, na nyuma yake wanawake wa kilio, wakilia Kishi cha kwetu na Kiswahili na Kirundi, huko Uchina, kati ya karatasi za rangi na maputo. Wazazi wakageuka. Mkuu wa shule akamwangalia, nyusi juu. Alingoja jibu.

"Nilijua papa anagonjwa. Nilisikia 'sanduku'. Nilielewa. Na nikasema vile nilisema."

"Kisha?"

"Kisha nilihesabu vidole mpaka kumi. Watoto wakataka tena. Nikahesabu tena." Alikuwa anaviangalia vidole. "Mukubwa wa shule alinisifu. Mzazi moja alisema Teacher Brian ana uvumilivu na bantu ya kusumbua ku simu."

Akabadilisha namba jioni ileile, akiamini kambi nzima inamlaani. Mwaka huu, polisi walipoanza kukagua shule, alinunua tiketi ya Dar es Salaam kwa akiba yake yote. Bukavu kulikuwa na vita, hakuna pa kurudi. Akapanda mabasi kupitia Mbeya na Karonga. Basi liliposimama kwenye njia panda ya kwenda Dowa, kondakta akaita, "Dzaleka!" Watu wakashuka na mafurushi yao. Yeye akabaki kwenye kiti chake mpaka Lilongwe, na alipoulizwa jina mjini, Brian akajibu.

"Honoré anajua? Mama anajua?"

"Hapana. Mi tu."

Akafikiri. Akanyanyuka, akakamua koti. "Basi tuache réseau ikuwe réseau. Nitakuja, nitamuaga papa, mama atavua nyeusi. Si njo anataka?"

Nikakubali. Nakubali kwamba nilikubali haraka. Ningeokoka: miaka yangu mitatu ya kutikisa kichwa ingegeuka kuwa ukweli, na hakuna ambaye angejua. Nilirudi Dzaleka nimebeba beseni tupu kama zawadi. Nikamwambia baba, Épitace amemwona tonton. Baba alikaa chini kwanza ndipo akauliza wapi.

Alikuja Jumamosi iliyofuata. Baba alimpokea barabarani, wakashikana mikono, kisha baba akambebea begi. Koko Gertrude alikuwa kwenye mkeka wake anapepeta maharage. Alipomwona, ungo ukaanguka. Akamshika masikio yote mawili kama mtu anayekagua sufuria.

"Ile réseau!" akapiga kelele, anacheka na machozi yanatoka. "Ile réseau ya Chine, mama weee! Miaka tatu! Ilibidi utembee na miguu ndiyo ifike?"

Tukacheka wote. Épitace, aliyekuja na nyanya za kitoweo, akacheka. Baba mdogo akacheka pia, na nikaona amemwita mmoja wa wale watu kumi wa tumboni acheke badala yake.

Koko akampa kiti, akamvua koti alitundike. Kumbe mjane wa fundi hatundiki koti bila kuligeuza. Ni mazoea ya miaka arobaini: unageuza, unaangalia bitana, unaangalia mshono. Akageuza. Kidole gumba chake kikapita juu ya mfuko wa kushoto, kikarudi, kikasimama. Pale palipokuwa na uzi mwekundu kulikuwa na vitundu vya sindano tu, herufi nane za vitundu.

"Jina ya baba yako iko wapi?"

Kwa hilo hatukuwa tumepanga jibu. Baba mdogo aliniangalia. Nikamwomba kwa macho aseme limechakaa, aseme dobi, aseme chochote.

"Nililitoa, mama. Na wembe. Brian hawezi kuvaa koti ya Balagizi."

"Brian njo nani?"

"Haikuwa réseau, mama."

Akasimama. Akasema ile sentensi kwa Kiingereza, kama alivyoisema siku ile, pole pole, kila neno limenyooka.

Koko hakumwangalia yeye. Aligeuka kwangu, koti mkononi. "Mi sijui Kizungu. Merveille, anasema nini?"

Maneno yaleyale, mkeka uleule. Nikatafsiri. "Anasema... umekosea namba. Siwajui bantu hawa." Kisha, kwa sababu alikuwa bado ananiangalia, "Njo vile alisema siku ya kilio, Koko. Nilisikia."

Épitace akanong'ona kwamba amesahau mzani nje, akatoka. Baba yangu akasimama, akampita mdogo wake bila kumgusa, akaenda kukaa kwenye cherehani barazani. Hakushona kitu. Alizungusha gurudumu kwa mkono, mbele, nyuma.

Koko aliokota maharage chini, moja moja, muda mrefu. Hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Yeye alikuwa mbele ya bantu benye kumulisha," alisema mwishowe. "Nasikia. Ni mubaya, lakini nasikia. Weye Merveille, nani alikuwa anakulisha zaidi yangu?"

Nikainama nikaokota harage moja lililobaki, nikalitia kwenye ungo.

"Kesho asubuhi, mbele ya kanisa kuanza, tutaenda ku kaburi," akasema. "Koti utaacha hapa."

Tulikwenda watu wanne tu. Kaburi la babu lilikuwa bado udongo na jiwe. Baba yangu akatangulia tena, kama desturi. "Mi niko Honoré, mutoto wa kwanza." Kisha zamu ya Fabien. Akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Teacher Brian, ile ya kuchangamsha watoto, inayopanda mwishoni. Akaziba mdomo kwa mkono. Akajaribu tena, ikatoka ileile. Mara ya tatu ikatoka ndogo, ya kukwaruza, ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi.

"Mi niko Fabien. Fabien Balagizi. Mutoto wa pili. Papa, nilisema sikujui. Nilikuwa nakujua."

Alitaka kuendelea, Koko akamkata. "Inatosha. Usimwimbie."

Akavua nguo nyeusi palepale, chini alikuwa amevaa kitenge cha bluu ambacho sikujua anacho. Hakumkumbatia mwanawe. Aliikunja ile nguo vizuri, akaiweka kichwani, akatangulia njia. Hakukuwa na sherehe wala chakula cha watu. Tuliporudi alimpikia ugali, ule ambao jirani zetu Wamalawi wanauita nsima, akamwekea sahani yake, na akala mbali naye.

Ni miezi minne sasa. Baba mdogo analala chumba cha mbele, kwenye mkeka wa peke yake, na anasema baridi yake bado inamshangaza. Anakunja pindo za suruali kwa baba, vibaya. Baba anazifumua, anazikunja upya. Asubuhi anafundisha watoto wa jirani Kiingereza, na sharti lake la kwanza ni kila mtoto aseme jina lake lote na la baba yake. Mchungaji alimwomba ushuhuda wa safari, akakataa mara mbili. Watoto wakimuuliza Kanada ikoje, anasema, "Sijui. Sijafika." Koko anamsalimia sasa. Juzi alimwita kwa jina.

Jioni ya siku ile ya kaburi, nilikuwa naosha sahani, Koko akanipa simu yake. Ilikuwa imebaki na mstari mmoja wa betri.

"Peleka kwa Ndayisenga ukaiweke moto."

"Juu ya nini, Koko? Tonton si iko hapa."

"Sio juu yake. Juu yako weye." Alikuwa anafunga kitenge kiunoni, haniangalii. "Siku moja na weye utaenda mbali, uko na akili. Nitakupigia, mbele ya bantu. Nataka nisikie utasema unaitwa nani."

Kuhusu Mercy sikuwahi kumwambia mtu hapa nyumbani, aliyejua ni tonton peke yake. Nikachukua simu, nikavuka barabara. Kwa Ndayisenga kulikuwa na foleni. Nikavuta kile kigoda chake, nikakaa, nikangoja ijae.